Viza siyo kibali cha kazi: tuelewane kabla hujauza korosho zako

Jumanne iliyopita kijana mmoja wa Newala kaingia dukani kwangu, mimi nina stesheni ndogo ya kuprinti na fotokopi hapa Mtwara mjini, kanipa simu kasema dada naomba unitolee viza yangu ya kazi, kesho napanda basi la Dar, Jumapili naruka Dubai. Uso wote unacheka. Nikaihamishia kwenye kompyuta nikaifungua. Karatasi moja, ina picha yake, jina, namba ya pasipoti, tarehe, na pale panapoandikwa aina ya viza pana neno moja kwa herufi kubwa: TOURIST. Mtalii.

Nikamuuliza mdogo wangu, wamekuambia hii ni viza ya nini? Ya kazi dada, kazi ya stoo, dirham 1,800 kwa mwezi. Mwajiri anaitwa nani? Akanyamaza kidogo, kasema atanipokea uwanja wa ndege. Na umelipa shilingi ngapi? Milioni tatu na laki mbili, hela ya korosho za msimu huu, zake na za mama yake.

Mkono ulikuwa mzito kubonyeza ile printa. Na siyo yeye peke yake, maana kwenye hii biashara karatasi za watu zinapita mikononi mwangu kila wiki, wa kwenda Oman, wa Saudia, wa Qatar, wengine Msumbiji hapo ng'ambo, na karibu wote wanatumia neno moja kwa vitu vinne tofauti. Mtu akisema "viza imetoka" anaweza kuwa anamaanisha chochote. Mpaka unafika ugenini ndo unajua ulichobeba mfukoni ni kipi. Kwahiyo nimeona nikae chini niandike hili jambo taratibu, kuanzia lile rahisi.

Karatasi ya kwanza ni pasipoti. Hii inatoka kwetu, Uhamiaji, na ofisi zipo Mtwara na zipo Lindi, huna haja ya kupitia kwa mtu. Uwe na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na vile vielelezo vya mzazi, ya kawaida ni shilingi 150,000 na inakaa miaka 10. Pasipoti inasema wewe ni nani na raia wa wapi, basi. Haina uwezo wa kukuingiza nchi ya mwenzako, wala ile kuandikwa Afrika Mashariki kwenye jalada haina maana kwamba sasa unaweza kwenda kuajiriwa Nairobi bila kuuliza mtu.

Zinazobaki ni tatu: viza, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Hapa ndo watu wanapotea, na mimi huwa naelezea kwa shamba la mikorosho kwa sababu huku kwetu hakuna asiyelijua. Umefika kwenye shamba la mtu, ukapiga hodi, mwenyewe kakuruhusu kupita, ukatize uende zako. Hiyo ndo viza. Sasa kuruhusiwa kupita chini ya mikorosho siyo kuruhusiwa kuokota korosho, ukiinama tu ukaokota moja ukatia mfukoni tayari wewe ni mwizi, hata kama uliingia kwa hodi na heshima zote. Ruhusa ya kuokota ni nyingine, lazima mwenye shamba aseme nimempa huyu kazi ya kuokota, kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani, na hiyo ndo kibali cha kazi. Halafu kuna lile suala la kulala, maana kazi ya msimu mzima huwezi kuwa unaenda na kurudi, lazima upewe kibanda, na anayetoa kibanda anataka kukufahamu, una ugonjwa gani, umetoka wapi. Hiyo ndo kibali cha ukaazi.

Na hizo ruhusa mara nyingi zinatoka kwenye milango tofauti. Wala usiende mbali, angalia hapa hapa. Wale mafundi wa kigeni tunaowaona kiwanda cha saruji cha Dangote au kwenye mitambo ya gesi Madimba, watu wanadhani mtu anashuka kwenye ndege na kuanza kazi kesho yake. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inataka mgeni awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, halafu awe na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, ofisi mbili, karatasi mbili. Anayeomba kile kibali ni mwajiri, na anatakiwa aonyeshe kwa nini kakosa Mtanzania wa kuifanya ile kazi, na aeleze ule ujuzi utarithishwaje kwa wazawa. Kibali kinatoka kwa miezi 24, kikiisha kinaombwa upya. Mgeni akikutwa yupo kiwandani na viza ya matembezi, anakamatwa. Sisi wenyewe tunashangilia akikamatwa. Basi ujue na huko unakoenda wanashangilia hivyo hivyo.

Tuje Dubai sasa maana ndo inayovuma. Ukiajiriwa kweli kule, safari inaanzia kwa mwajiri na siyo kwako. Anaomba kibali kwenye wizara yao ya kazi, kikikubaliwa inatoka ruhusa ya kuingia kwa ajili ya ajira, hiyo unakuwa na siku 60 za kukamilisha mambo. Ukishafika unapimwa afya, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vipo kwenye vipimo, unachukuliwa alama za vidole, unatengenezewa kadi ya Emirates ID, na ukaazi wako unaingizwa kwenye mfumo. Kuanzia hapo ndo wewe ni mfanyakazi. Saudia kadi yao ya ukaazi inaitwa iqama, ukisikia mtu wa Riyadh analia hana iqama ujue hata kwenda dukani anaogopa. Msumbiji wana ya kwao, inaitwa DIRE.

Viza ya mtalii haina mwajiri nyuma yake. Hiyo tofauti ndo ya kushika. Kampuni yoyote ya kuuza tiketi inaweza kukutolea, ni ya kwenda kutembea, na ndo maana matapeli wanaipenda, inatoka haraka na ina mihuri na picha yako inang'aa. Ikiisha hujaondoka faini ni dirham 50 kila siku. Hesabu mwezi mmoja, dirham 1,500, ni zaidi ya dola 400, kwetu hapa ni kama milioni moja na hujala hujalala.

Ajenti atakuambia, nenda na viza ya matembezi ukifika utabadilishiwa. Na hapa nataka niseme ukweli wote, kwa sababu uongo huu unashika kwa vile una nusu ukweli ndani yake. Ni kweli Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai ndani yake, mtu aliyeingia kama mgeni anaweza kubadilishiwa hadhi akawa mfanyakazi bila kurudi kwao. Lakini anayembadilisha ni mwajiri aliyekwisha kumwombea kibali na kulipia. Kama huyo mwajiri hayupo, hakuna wa kukubadilisha, na ukianza kazi wakati unangoja unavunja sheria, na aliyekupa kazi naye. Tangu 2024 faini ya kumwajiri mtu asiye na kibali imepanda, inaanzia dirham 100,000 mpaka milioni moja. Sasa fikiria, nani mwenye akili zake atakuweka stoo kwa hatari hiyo? Atakayekubali ni yule anayejua huwezi kwenda kumshtaki popote.

Kitu kingine ambacho wengi hawakielewi ni kwamba kibali cha kazi siyo mali yako. Babu yangu alienda umanamba Tanga, yaani kibarua cha mkataba kwenye mashamba ya mkonge, na wazee wa huku waliowahi kwenda watakumbuka kipande. Ilikuwa kadi ya siku 30, unafanya kazi siku moja nyapara anaweka alama, mpaka zitimie ndo mshahara. Babu alikuwa anasema kipande cha shamba hili hukipeleki shamba lile, ni cha shamba hili. Kibali cha kazi cha leo ni kipande kile kile kwa sehemu kubwa ya dunia. Kimeandikwa jina la mwajiri na aina ya kazi. Ukienda kufanya kwa jirani yake, hata kama jirani analipa mara mbili, umeshatoka nje ya kibali.

Nchi za Ghuba hili jambo lina jina lake, kafala, lenyewe ni neno la dhamana, na mdhamini wako ni kafili. Ukaazi wako umefungwa kwake. Ukiondoka bila utaratibu anaweza kuripoti kwamba umetoroka, na kuanzia hapo wewe unatafutwa hata kama ulikimbia kwa sababu hujalipwa miezi mitatu. Mambo yamebadilika kidogo, niseme na hilo. Qatar mwaka 2020 waliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhama kazi, na wafanyakazi wa ndani nao wakaruhusiwa kutoka nchini bila kibali chake, Oman wakaondoa ile barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi kuanzia Januari 2021, Saudia wakalegeza Machi 2021 ila wafanyakazi wa ndani wakaachwa nje ya mabadiliko yale. Na wasichana wetu wa huku wanaoondoka, wengi wao wanaenda kufanya kazi za ndani. Kwahiyo ukisikia "kafala imefutwa" uliza imefutwa kwa nani.

Human Rights Watch walitoa ripoti Novemba 2017 kuhusu wadada wa Kitanzania waliokuwa Oman na Falme za Kiarabu, kunyang'anywa pasipoti, mishahara kukatwa au kutolipwa kabisa, kazi mpaka saa 21 kwa siku. Mimi nikisoma vile nafikiria nyuso, kwa sababu nimeprintia wadada wengi. Kuna wanaorudi wamejenga, wapo, hapa Mtwara kata ya Chikongola naweza kukuonyesha nyumba mbili. Wanaorudi salama na wasiorudi salama wote walipitia uwanja ule ule wa ndege, karatasi ndo zilikuwa tofauti.

Nani analipa? Hapa nakasirika kidogo mnisamehe. Enzi za Silabu, ile ofisi ya wakulima wa mkonge ya kutafuta vibarua iliyoanza 1944, wakoloni wale wale tunaowasema, mwenye shamba ndo alikuwa anatoa nauli ya manamba kumpeleka. Leo kijana wa Tandahimba anauza korosho anamlipa mtu ili akafanyishwe kazi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021 inasema wazi gharama za kumtafuta na kumwajiri mfanyakazi ni za mwajiri, hairuhusiwi kumtoza mfanyakazi, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, na hairuhusiwi kumshikia nyaraka zake. Kanada mwajiri anayetaka mgeni kwa kawaida anaomba kwanza ile tathmini yao ya soko la ajira inayoitwa LMIA, ada yake ni dola 1,000 za kwao na ni marufuku kumrudishia mfanyakazi huo mzigo. Shirika la Kazi Duniani nalo lina mkataba namba 181 wa mwaka 1997, msingi wake ndo huo huo, wakala hamtozi mtafuta kazi. Vitu vyako wewe ni pasipoti, vyeti, labda vipimo vya afya vya huku. Mtu akikuambia "hela ya viza ya kazi" milioni kadhaa, tayari ameshakuonyesha kwamba hakuna mwajiri anayelipa.

Hawa maajenti huwa nawafananisha na watu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa kinyemela. Kangomba anakuja lini? Anakuja kabla ya mnada, wakati ndani hakuna unga na mtoto anatakiwa shule, anakupa hela kidogo leo achukue gunia zako kesho. Ajenti wa mtaani naye anajua majira, msimu wa korosho ukishalipa ndo meseji zinazidi kwenye magrupu ya wasapu, nafasi 50 Qatar, mwisho Ijumaa, lipia kushika nafasi.

Wengine wanajitetea, ajenti wangu kasajiliwa, nimeona karatasi. Karatasi ya nini? BRELA inaonyesha kampuni ipo. TIN inaonyesha analipa kodi au anatakiwa kulipa. Leseni ya biashara ya halmashauri inamruhusu kufungua ofisi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomruhusu kupeleka watu nje kufanya kazi. Uwakala wa ajira una leseni yake, inatoka kwa wizara ya kazi kwa sheria ya mwaka 1999 ya huduma za ajira, na serikali ina ofisi yake ya huduma za ajira, TaESA, ambako unaweza kuuliza jina la kampuni kabla hujatoa hata mia. Mkataba nao wa kazi za ndani kwenda Ghuba unatakiwa upitie ubalozi wetu wa huko, Muscat, Abu Dhabi, Riyadh, Doha, wote wapo. Mkataba uliosainiwa kwenye gesti Kariakoo usiku wa kuamkia safari, kwa lugha usiyoisoma, huo hata ukifika unaweza kuletewa mwingine wenye mshahara mdogo na huna pa kushika.

Uingereza nimeletewa barua nyingi pia, kazi ya kulea wazee. Kwa ufupi, mwajiri wa kule lazima awe na leseni ya kudhamini wageni na orodha ya wenye leseni ipo wazi kwenye tovuti ya serikali yao, unatafuta jina dakika mbili. Na ile njia ya kuchukua walezi wapya kutoka nje waliifunga tarehe 22 Julai 2025. Barua ikija leo inakuambia uombe kazi hiyo kutokea hapa Lindi, hiyo huhitaji hata kuitafuta kwenye orodha.

Na Msumbiji je? Wengi huku hatuoni kama ni nje. Mmakonde yupo pande zote za Ruvuma, shangazi yupo Mueda, mjomba yupo Masasi, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe 2010 pale Mtambaswala mtu anavuka na bodaboda. Kuvuka ni rahisi na hakuna viza ya kuombwa ubalozini kwa Mtanzania, ndo maana watu wanasahau kwamba bado ni shamba la mtu. Rubi zilipogunduliwa Montepuez mwaka 2009 vijana wetu walimiminika, wengine kuchimba, wengine maduka, wengi bila DIRE wala kibali. Mwanzoni mwa 2017 ikaja operesheni ya serikali yao ya kuondoa wageni, watu wakakamatwa, wakarudishwa kwa makundi kupitia huku Mtwara, wengine hata viatu hawakuwa navyo, wameacha maduka na bidhaa ndani. Wapo waliokuwa na karatasi kamili na bado wakaumizwa, siwezi kuficha hilo. Lakini mwenye karatasi alikuwa na kitu cha kudai nacho, asiyekuwa nacho alirudi na pumzi yake tu. Sheria yao ya kazi ina kiwango cha wageni ambao kampuni inaruhusiwa kuwaajiri, undugu hauingii kwenye hiyo hesabu.

Sasa yule kijana wa Newala. Tulimpigia ajenti tukiwa pale pale dukani, nikamwambia usigombane, muulize vitu viwili tu, jina la kampuni inayokuajiri na namba ya kibali cha kazi. Ajenti akasema ukiuliza maswali mengi nafasi yako anapewa mwingine. Kijana akauliza tena, kwa adabu kabisa, simu ikakatwa. Alikaa kwenye lile benchi langu la nje mpaka adhuhuri. Dar hakwenda, hela anaidai mpaka leo, nimemwandikia malalamiko ya polisi na nimeambatisha miamala yote ya simu kwa mpangilio wa tarehe, kwa bahati nzuri alikuwa hajafuta meseji.

Ijumaa yake akaja dada wa Mikindani, anaenda Muscat. Mkataba wake una lugha mbili, kuna jina la mwajiri, mshahara, siku ya mapumziko, muhuri wa ubalozi wetu, na viza yake imeandikwa ajira. Tukatoa nakala tatu za kila kitu pamoja na pasipoti na namba ya simu ya ubalozi kule. Seti moja kaondoka nayo ndani ya nguo, mbali na begi, kwa sababu begi linaweza kushikwa. Moja kaiacha kwa mama yake. Ya tatu ipo kwenye droo yangu hapa, nimeandika juu jina lake na tarehe mkataba unapoisha.